Kabla ya kuhamishia daftari la chama kwenye wingu

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya kompyuta hapa Tabora: vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, maduka ya dawa, na wauza asali wanaopeleka mzigo Dar. Kila msimu viongozi wa vyama huniuliza kama wakihamia kwenye wingu, yaani kuweka kumbukumbu zao kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, watakuwa salama. Huwa nawaambia wahame, ila wajue kwanza wanahamia kwenye jengo la nani na njia ya kufika huko ikoje.

Maana wingu ni majengo. Ndani kuna seva, yaani kompyuta zinazotunza data za wateja, kwenye makabati, mitambo ya kupoza, jenereta, na walinzi getini. Amazon walianza kukodisha huduma hizi mwaka 2006, lakini vituo vyao vya huku Afrika vilikuja baadaye: Microsoft walifungua Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Ukifungua akaunti unachagua eneo la kuweka data, na wengi wanaacha lile linalojitokeza lenyewe. Msifanye hivyo. Majina ya wakulima, simu zao na akaunti zao za benki ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi.

Njia ndiyo inayosahaulika zaidi. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini kwetu. Seva zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa hazifikiki tu. Masoko ya tumbaku yalikuwa yanaendelea. Kwenye chama kimoja ninachokihudumia, karani alikaa pembeni ya mizani, akisoma uzito wa robota na kuuingiza kwenye kompyuta, na kila mstari ukabaki na alama ya njano kuonyesha kwamba bado haujatumwa. Wakulima wakapimiwa, wakaondoka na risiti. Mfumo ule huandika kwanza kwenye kompyuta iliyopo mezani, kisha hupeleka kwenye wingu mtandao ukirudi. Mfumo usio na uwezo huo hata ukurasa wa kwanza haufunguki, na mkulima aliyetoka kijijini na mzigo wake alfajiri ndiye anayeumia. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia mfumo, mwambie azime mtandao mbele yako, halafu ajaribu kuandika mauzo.

Kuhusu nakala za akiba za data, msidanganyike kwamba kampuni kubwa haiunguliwi. Machi 10, 2021, moto uliteketeza kituo cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja. Mei 2024, mfumo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, ulifutwa kwa kosa la upande wa Google Cloud. Nakala walizokuwa nazo kwa kampuni nyingine zilisaidia kuwarudisha kazini. Chama cha msingi hakihitaji makubwa: kila wiki toa nakala kwenye diski ya nje, ifungie kwenye sefu, na mara kwa mara ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa mimi siihesabu.

Bili huja kwa dola, na kutoa data nyingi kwenye wingu kuna gharama yake. Wekeni tahadhari ya matumizi, yaani ujumbe wa kuwajulisha matumizi yakipita kiasi mlichopanga, tangu siku ya kwanza.

Halafu akaunti. Isifunguliwe kwa barua pepe ya fundi, hata kama fundi huyo ni mimi. Ifunguliwe kwa anwani ya chama, neno la siri walijue mwenyekiti na katibu, na uongozi ukibadilika libadilishwe siku ileile ya makabidhiano.