Fundi Anajibu: Kisanduku cheusi chini ya kapo

SWALI: Papa fundi, marehemu baba aliniachia Land Rover ya 1964. Chini ya kapo (boneti) kuna kisanduku cheusi chenye herufi A, A1, F, D, E, na kikopo cha waya mmoja kando ya bobini ya cheche. Naambiwa niving'oe. – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Usiruhusu mtu aving'oe! Kisanduku ni regileta, yaani kidhibiti cha dinamo inayochaji betri. Fungua mfuniko, utaona bobini mbili za waya wa shaba: moja inazuia volti zisipande mno, nyingine inakata njia kati ya betri na dinamo injini ikizimika, la sivyo betri ingejimaliza kupitia dinamo. D na F zinakwenda kwenye dinamo, E kwenye masi (bodi ya gari), A kwenye betri, A1 kwenye swichi na taa. Ukiking'oa hivihivi, gari haliwaki, na hapo ndipo watu huuziwa betri bure.

Kikopo ni kondensa ya kuzuia redio isikwaruze. Hiyo unaweza kuishi bila yake. Ukiibakiza, waya wake ukae upande wa bobini ya cheche unaotoka kwenye swichi. Ukiuhamishia upande wa delko (kigawa cheche), cheche zinadhoofika.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa betri.