Kabla ya Kuogopa Namba ya Leo, Uliza Waliopimwa Ni Wangapi

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, eneo letu lilitangaza wagonjwa 14 juzi, jana 6, leo 31. Usiku sijapata usingizi. Wewe wakati wa Korona ulikuwa unazisomaje hizi namba?" Nilimjibu kwa kifupi siku hiyo hiyo. Lakini najua wanaojiuliza swali hilo ni wengi, na wengi wenu mnataka kuelewa wenyewe badala ya kusubiri kuelezwa, kwa hiyo leo najibu kwa urefu.

Nianze na hizo namba zake. 14, 6 na 31 ukizijumlisha unapata 51, sawa na wastani wa wagonjwa 17 kwa siku. Siku tatu hazitoshi kukuonyesha kama ugonjwa unapanda au unashuka. Kama ile 6 ilikuwa ya Jumapili, inawezekana maabara ilikuwa na wahudumu wachache, sampuli zikalala, na ile 31 ikabeba mzigo wa siku mbili. Kusanya siku saba kamili, zijumlishe, gawanya kwa saba. Kesho yake iache siku ya zamani kuliko zote, ingiza mpya, piga hesabu tena. Saba kwa sababu kila juma lina Jumapili yake, na wastani wa namna hiyo hauyumbishwi na Jumapili.

Hili sikufundishwa darasani. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba Korona ni janga la dunia nzima, kundi letu la ukoo kwenye simu liligeuka uwanja wa hofu. Kila mtu alituma namba, hakuna aliyeandika ni ya lini wala imetoka wapi. Nikachukua daftari, nikapiga mistari: tarehe, waliopimwa, waliokutwa na virusi, waliolazwa, waliofariki. Kila jioni taarifa ilipotoka nilijaza, kisha nikawaandikia ndugu maelezo mafupi. Mjomba wangu mmoja alinijibu mbele ya wote kwamba hizo hesabu zangu haziponyi mtu. Wengine wakacheka. Nitasema ukweli, maneno yale bado yananichoma, maana nilikuwa nafanya kazi ile kwa ajili yao.

Ikaja siku namba zikashuka kwa siku mbili mfululizo. Kundi likashangilia, na papo hapo ikapangwa shughuli ya ukoo mzima, wazee wakiwemo. Nikasimama kidete. Nikawaambia hizi ni namba za Jumapili na Jumatatu, waliopimwa ni nusu ya siku za kawaida, tungojeni Alhamisi. Niliitwa mwenye roho ya kwanini. Shangazi peke yake ndiye aliyeniunga mkono, na kwa heshima yake shughuli ikasogezwa mbele. Alhamisi namba zikapaa kuliko siku zote tulizowahi kuziona. Hakuna aliyeniambia asante, ila tangu siku ile watu walianza kuniuliza kabla ya kusafiri, na mimi hilo lilinitosha.

Nilichokuwa nimekishika, na ndicho ninachotaka ukishike, ni kwamba namba inayotangazwa jioni imetoka mbali. Mtu anaambukizwa. Kwa Korona ile ya mwanzo dalili zilianza kwa wastani baada ya siku 5 au 6, na wengine walifika hata siku 14. Akishaumwa anaahirisha siku moja au mbili, anakwenda kupimwa, sampuli inakwenda maabara, majibu yanarudi, yanaingizwa kwenye taarifa. Kwa hiyo unaposoma namba ya leo, unasoma maambukizi ya juma lililopita au zaidi. Vifo vinachelewa zaidi, kwa kuwa mgonjwa anayezidiwa huweza kukaa kitandani majuma mawili au matatu. Ndiyo maana ilikuwa kawaida vifo kuendelea kupanda wakati maambukizi yameshaanza kushuka, na watu wakadhani wanadanganywa.

Katika safari hiyo, kituo kinachopuuzwa kuliko vyote ni kile cha kupima. Wagonjwa 31 kati ya watu 100 waliopimwa ni habari nzito. Wagonjwa 31 kati ya watu 2,000 ni habari nyingine kabisa. Kupima ni kama kumulika tochi gizani, unaona pale tu ulipomulika. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kabla ya kulegeza masharti, waliokutwa na virusi wasizidi asilimia 5 ya waliopimwa, na hali hiyo idumu angalau siku 14. Mimi asilimia hiyo niliipa safu yake kwenye daftari, na mara nyingi ndiyo niliyoiangalia kwanza. Idadi ya wagonjwa ikipanda huku asilimia inashuka, huenda tumepima wengi zaidi. Idadi ikishuka huku asilimia inapanda, hapo usifurahi, wapo wengi wasioonekana.

Na wasioonekana walikuwa wengi kweli. Huko Kenya watafiti walipima damu iliyotolewa na wachangiaji kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakadiria kwamba karibu asilimia 4 ya watu walikuwa tayari na kingamwili za virusi vile, yaani alama kwenye damu kwamba mtu alishaambukizwa. Kwa nchi ile hao ni zaidi ya watu milioni moja na nusu, wakati taarifa za kila siku zilikuwa bado zinahesabu wagonjwa kwa maelfu machache. Wizara ya Afya haikuwa imedanganya. Wengi hawakuugua, wengi hawakupimwa, basi.

Kuna watu walilichukua jambo la vipimo wakaligeuza kisingizio cha kukataa namba zote. Hao nilibishana nao sana. Ni kweli kipimo hukosea. Ukipima watu 10,000 wasio na dalili, na wenye virusi ni 10 tu, kipimo kinachomsingizia mzima mmoja katika kila 100 kitakupa karibu watu 100 walioitwa wagonjwa bila kuwa wagonjwa. Lakini hesabu hiyo huwezi kuihamishia hospitali iliyojaa watu wenye homa, kikohozi na kifua kinachobana. Pale wenye virusi ni wengi, na makosa ya namna ile huwa sehemu ndogo sana. Ukitaka kuukataa ushahidi, ukatae kwa hesabu kamili.

Jingine ni ukubwa wa eneo. Wagonjwa 40 kwa juma katika mji wa watu 50,000 ni sawa na 80 kwa kila watu 100,000. Wagonjwa 200 katika jiji la watu milioni moja ni 20 tu kwa kila 100,000. Anayeishi kwenye ule mji ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, japo vyombo vya habari vitalitangaza jiji. Ujerumani ilitumia hesabu ya namna hiyo Mei 2020, wilaya ikipitisha wagonjwa wapya 50 kwa kila watu 100,000 ndani ya siku saba ilitakiwa kubana masharti tena.

Na namba ikiruka ghafla, usikimbilie kuogopa, uliza kwanza kilichobadilika. Katikati ya Februari 2020 jimbo la Hubei, China, lilitangaza wagonjwa wapya 14,840 kwa siku moja. Kati yao 13,332 waliingia kwa sababu namna ya kuhesabu ilibadilishwa, wakahesabiwa pia waliotambuliwa na madaktari kwa dalili na picha za mapafu, bila kusubiri maabara. Uingereza nako, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye taarifa kwa sababu walitumia faili la Excel (programu ya kompyuta ya kupanga namba kwenye majedwali) la muundo wa zamani, ambalo mistari yake ilijaa. Zile siku namba zilionekana nafuu, na waliokaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Jambo la namna hii linaweza kutokea popote, hata kwenye nchi yenye kompyuta kila ofisi.

Kisha kuna ukimya. Tanzania ilitoa takwimu zake za mwisho za mwaka 2020 mwanzoni mwa Mei, jumla ikiwa wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mzima ramani za dunia ziliendelea kuonyesha 509 ile ile. Namba isiyosogea mwaka mzima wakati wa janga maana yake ni kwamba hakuna anayehesabu hadharani. Ukifika hapo angalia vitu vingine: vitanda vya hospitali, mahitaji ya oksijeni, misiba katika eneo lako ukilinganisha na miaka ya kawaida. Hata wataalamu hufanya hivyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 na 2021 walikufa watu milioni 14.9 zaidi ya ambavyo ingetarajiwa bila janga, ilhali vifo vya Korona vilivyoripotiwa vilikuwa karibu milioni 5.4. Tofauti hiyo ni watu, wana majina na makaburi, na mimi sikubali mtu aniambie takwimu ni mchezo wa wasomi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, chukueni daftari. Msiwaachie kazi hii waandishi wa habari wala ndugu mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kila siku andika tarehe, waliopimwa, waliokutwa na virusi, na kama unaweza kupata, waliolazwa. Akija mtu akasema wamefika 300, muulize 300 tangu lini, leo peke yake au tangu ugonjwa uanze? Eneo hili au mkoa mzima? Vifo alivyovitaja vimetokea leo, au vimetangazwa leo? Asipoweza kujibu, namba hiyo isitoke kwenye simu yako kwenda kwa mama mwenye shinikizo la damu saa nne usiku.