Fidla ninayoipenda mimi

Mwanangu Zuhura,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema rafiki zako wa huko Berlin hawaachi kukualika ukumbini, nawe unataka kujua, kati ya zile koncheto ambamo fidla moja husimama mbele ya okestra nzima, baba yako anaipenda ipi na wewe uanze na ipi.

Ninayoipenda ni ya Sibelius, mtunzi wa Finland. Ya Beethoven inaifuata, na siku nyingine huipita.

Sibelius alitamani sana kuwa mpiga fidla. Mwaka 1891 alijaribiwa kuingia okestra ya Vienna Philharmonic, hawakumchukua. Koncheto yake, na aliandika hiyo moja tu, ilipigwa kwanza Helsinki mwaka 1904, haikuwapendeza wengi, akaifumua na kuiandika upya. Hii tunayoisikia leo ilizinduliwa huko huko uliko, mwaka 1905, Richard Strauss akiongoza. Sikiliza inavyoanza. Fidla za okestra zimebanwa sauti, zinanong'ona tu, kisha mpigaji anaingia peke yake kwa noti isiyopatana na zilizo chini yake. Anaishikilia, hana haraka. Mimi hapo huacha hata kikombe.

Ya Beethoven inaanza kwa ngoma: mapigo manne ya taratibu, la tano linakuja pamoja na obo, ndugu yake zumari. Fidla yenyewe utaingoja kama dakika tatu. Vumilia, maana sehemu ya pili ndiyo hasa. Wimbo umeshikwa na okestra, mara klarineti, mara basuni, zote za kupuliza, na fidla inauzunguka kwa juu, inaremba, inaitikia, kama fidla ya taarab inavyomjibu mwimbaji akivuta pumzi. Sikio lililolelewa Unguja halihitaji kufundishwa hapo. Ajabu ni kwamba baada ya kupigwa Vienna mwaka 1806 haikujaliwa sana, mpaka Joseph Joachim, mtoto wa miaka 12, alipoipiga London mwaka 1844.

Paganini, yule mpiga fidla na mtunzi wa Italia, simuwezi. Vidole vinaruka, sawa, lakini okestra haina la kusema, inamngoja tu amalize. Mimi nataka fidla iwe na wa kuzungumza naye. Tchaikovsky ni mtamu, ila nimemsikia mno redioni.

Wewe hujui kungoja, tangu utotoni, kwa hiyo anza na Mendelssohn, ya mwaka 1845. Sekunde chache tu fidla imeshaingia. Sehemu ya kwanza ikiisha, basuni inabaki na noti moja na kuivusha mpaka ya pili, watu wasipate mwanya wa kupiga makofi wala kukohoa.

Ukiifikia ya Sibelius, tafuta rekodi ya Ginette Neveu, Mfaransa, ya mwaka 1945. Alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1949, ana miaka 30 tu. Sauti ya rekodi ni ya kizamani, lakini sijasikia mwingine anayeuma nyuzi namna ile. Sikiliza hiyo kabla ya hizi mpya zilizosafishwa, halafu tubishane.

Mama yako anakusalimu. Anauliza koti la baridi umeshanunua au bado.

Baba yako