Geuza Gamba Kwanza, Ndiyo Useme

Jumapili usiku, umeme umekatika hapa Gungu, Kigoma, simu imebaki asilimia 11, ukaingia ujumbe kutoka Tabora.

"Shikamoo kaka. Bibi yetu katutoka mwezi jana. Kwenye sanduku lake tumekuta mkanda wa ngozi umeshonewa kauri thelathini na kitu. Shangazi anasema zimetoka baharini, mjomba anasema ni za Ziwa Tanganyika kwa sababu babu alikuwa akienda sana Ujiji. Wanakaribia kukosana na msiba haujapoa. Wewe unayejua konokono, tuamulie."

Chini yake picha moja, nusu giza.

Dakika 2 hazikuisha nikawa nimejibu: shangazi yuko sahihi. Kauri ni konokono wa baharini, haishi kwenye maji baridi, si Tanganyika wala ziwa lingine lolote. Kuhusu ni kauri ya aina gani hasa, nikamwambia anitafutie moja iliyolegea uzi, aigeuze, apige picha mchana. Nikazima simu nikalala natabasamu gizani peke yangu.

Nakiri nilijisikia. Nanyi mnaonisoma najua mnakitaka hicho hicho: mtu anakuwekea gamba mkononi, unataja jina, watu wananyamaza. Mimi nimefika hapo kwa kupitia aibu, na aibu yenyewe bado ina moto kidogo.

Mwaka 2017 nilikuwa natembeza wageni kwa kampuni moja ambayo sitaitaja. Kituo cha mwisho kilikuwa Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, halafu tunateremka ufukweni. Mfukoni nilikuwa na gamba langu, kubwa kama ndimu, jeupe la kupauka, nililookota ufukweni Kibirizi, hapa hapa Kigoma. Hadithi yake niliitunga mwenyewe: konokono wa baharini huyu, aliletwa na misafara kutoka Bagamoyo, mpagazi kaanguka, mzigo ukamwagika. Wageni walikuwa wanaipenda hiyo hadithi. Walikuwa wanalipiga picha, na bakshishi inaongezeka.

Siku hiyo kwenye kundi alikuwemo mama mmoja wa Pemba, mtu mzima, amekuja kumwona mwanawe anayefanya kazi huku. Nilipokuwa naeleza hakusema neno. Nilipomaliza akanyoosha mkono, nikampa. Mgongo wa gamba hakuutazama kabisa. Aliligeuza mdomo juu, akapitisha ukucha wa kidole cha mwisho kwenye ukingo wa mdomo, taratibu, kuzunguka wote, kama mtu anayekagua kikombe dukani asije akauziwa chenye pengo.

"Mwanangu," akasema, "huyu bahari haijui."

Watu walicheka. Si cheko baya, lakini msimamizi wangu alikuwa kasimama nyuma yangu. Mwezi ule nikawa mbeba maboksi ya maji, mwezi uliofuata sikuitwa. Na kijiwe cha bodaboda Mwanga mpaka leo wananiita Profesa Konokono. Siku hizi naitika.

Sasa, yule mama alikuwa anatafuta nini kwa ule ukucha? Mfereji. Konokono wengi wa baharini, hasa wala nyama, wana mrija wa nyama wa kuvutia maji na kunusia chakula. Mrija huo unahitaji pa kutokea, kwa hiyo chini ya mdomo wa gamba utakuta pengo, au mfereji mrefu kabisa kama wa murex, konokono wa baharini mwenye miiba. Gamba langu mdomo wake ulikuwa mzima, ukingo haukatiki popote. Lilikuwa la Neothauma tanganyicense, konokono mkubwa kuliko wote wa ziwa letu, aliyepewa jina hilo na Edgar Smith, mtaalamu wa konokono wa Uingereza, mwaka 1880. Nilikuwa nauza mwenyeji kwa bei ya mgeni.

Lakini msikimbilie kusema mdomo mzima maana yake ziwa. Bahari nayo ina konokono wa mdomo mzima, kwa mfano wale wa jamii ya Turbo, wanene, wanaokula mwani miambani. Hapo usiishie ukingoni, chungulia ndani. Turbo ukimwelekeza kwenye mwanga ndani anametameta kama lulu. Neothauma hana mng'ao huo. Kama una bahati umepata na kifuniko chake, yaani kile kibati anachofungia mlango akijivuta ndani, cha Turbo ni kigumu kama jiwe, cha Neothauma ni chembamba kama kipande cha ukucha.

Na mfereji na miiba navyo usiviamini kipofu, kwa sababu ziwa hili lina walaghai wake. Yupo Tiphobia horei wa kwenye matope ya kina kirefu, ana miiba mirefu ungeapa katoka Bahari ya Hindi. Mweke kiganjani: mwepesi, gamba jembamba. Murex ni mzito, ana unene wa kigae. Hata wasomi walichanganyikiwa. Burton na Speke, wale wavumbuzi Waingereza, walifika Ujiji mwaka 1858, Speke akabeba magamba, na mwaka uliofuata Woodward, mtaalamu wa konokono wa London, akayapa majina. Moja akaliita nassa, jina la konokono wa baharini, kwa vile wanafanana. Baadaye akaja Moore, mtafiti Mwingereza, akayatazama magamba haya akashawishika kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Haikuwa kweli. Ziwa ni la maji baridi, na moja ya sababu za magamba yake kuwa manene na yenye mbavu ni kaa: kaa wa humu ni wavunjaji hodari, konokono mwenye gamba legelege anaishia tumboni. Ukitazama vizuri utaona makovu, mistari iliyopinda ambapo gamba lilivunjwa likajiziba.

Kwa hiyo Moore mwenyewe alidanganywa na sura, na yeye hakuhamishiwa kwenye maboksi ya maji.

Miaka iliyofuata nilisoma. Sina la kusimulia hapo, kusoma ni kusoma.

Ninachowaambia vijana wa kazi hii ni hiki: acheni kupenda migongo. Mgongo ndio unaovutia, una rangi, una madoa, na ndio unaodanganya. Jua la wiki chache linafuta rangi. Mawimbi yanasaga mbavu. Mdomo unadumu. Mtu akikuletea gamba, geuza. Akikutumia picha ya mgongo, mwambie ageuze. Ukiwa na haraka ya kutaja jina, basi geuza mara mbili.

Halafu lisimamishe, kilele juu, mdomo ukikutazama. Konokono wengi mdomo utakuwa kulia kwako. Ukiwa kushoto, na ni kadogo, na umekatoa kwenye kidimbwi au kijito, kuwa mwangalifu: anaweza kuwa Bulinus, mbebaji wa kichocho. Mwenzake Biomphalaria hana kilele kabisa, kajiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa. Hao usiwachezee, na usioge hapo walipo. Na ukienda pwani ukaona konokono aitwaye koni, mzuri, hai, mwache hapo hapo. Wana mwiba wa sumu, na wapo wanaoua mtu.

Jambo jingine linaniudhi, niliseme tu. Kuna watu wanazamia na kujaza viroba vya magamba matupu ya Neothauma wakauzie wageni. Yale si matupu. Wapo samaki wadogo wa Tanganyika ambao nyumba yao ni gamba hilo: wanalala humo, wanatagia humo. Unapobeba kiroba umebeba kijiji. Nami niliwahi kubeba, ndiyo maana nasema.

Turudi Tabora. Kauri ndiye aliyenifundisha kwamba kanuni yangu ina mwisho wake. Kwenye mkanda anashonwa mdomo ukiangalia nje, ufa wenye meno pande zote mbili, kwa hiyo mdomo nilishapewa bure. Kauri mbili zilizotumika sana kama fedha, Monetaria moneta na Monetaria annulus, mdomoni zinakaribiana mno. Moneta ana mabega, pembeni ana vinundu. Annulus ni duara la yai, na mgongoni ana pete ya rangi ya machungwa. Tatizo, ili kauri ishonwe ilikuwa inakatwa mgongo, na pete inaondoka nao. Safari hii ilibidi mimi, Profesa Konokono, niombe mgongo.

Picha ya pili imeingia jana saa nne asubuhi. Kauri moja juu ya khanga, pembeni sarafu ya shilingi 200 ya kupimia, kijana ana akili. Mgongo una tundu la kukatwa, kingo zimelainika kwa miaka ya kuvaliwa. Na pembeni ya tundu, upande mmoja tu, umebaki uzi mwembamba wa machungwa. Pembeni hakuna vinundu. Annulus, wa pwani yetu hii hii ya Bahari ya Hindi.

Nimemwandikia. Amejibu kwamba shangazi kapiga vigelegele, mjomba hajakubali. Anasema atapanda treni aje Kigoma na kauri mfukoni, aniulize ana kwa ana.