Ukurasa wa kubadilisha nenosiri unatoka na sura ya Django

Ndugu yangu, HTML yako haina kosa. Umesema ukurasa wa kuingia umekubali rangi za ile gesti ya Nyali, ila mgeni akisahau nenosiri anaangukia ukurasa ulioandikwa "Django administration". Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, huchukua kiolezo (faili la kuundia ukurasa au barua) cha kwanza inachokikuta chenye jina inalolitafuta, na django.contrib.admin, programu yake ya usimamizi, ina password_reset_form.html yake ndani ya folda ya registration, jina lile lile ulilolipa lako. login.html haimo humo, ndiyo maana ule wa kuingia haukukusumbua. Nenda INSTALLED_APPS, orodha ya programu ndani ya settings.py ambayo Django huipitia kuanzia juu, uipandishe programu yako juu ya admin. Basi.

Kazi iko kwenye barua pepe anayotumiwa mgeni ili abadilishe nenosiri. password_reset_email.html, licha ya jina lake, hutumwa kama maandishi matupu: ukitia <b>, alama ya HTML ya kukoza herufi, humo, mgeni ataisoma <b> hivyo hivyo. Ukitaka nembo na rangi, andika kiolezo cha pili ukipe PasswordResetView, sehemu ya Django inayotuma barua hiyo, kupitia html_email_template_name, na kile cha maandishi ukiache palepale. Kichwa cha barua kimo kwenye password_reset_subject.txt; "Badilisha nenosiri lako" chatosha.

Kiungo kilicho ndani ya barua hudumu sekunde 259200, yaani siku 3. Kwa kompyuta ya mapokezi inayoguswa na kila apitaye, mimi naona ni nyingi mno; weka PASSWORD_RESET_TIMEOUT = 3600, yaani saa moja, kwenye settings.py. Na kiungo kikija na example.com badala ya anwani yako, ingia Sites kwenye admin ubadilishe kikoa (jina la tovuti).