Filamu Fupi Kutoka Bagamoyo

SWALI: Ndugu Mhariri, tumetengeneza filamu fupi ya Kiswahili kuhusu wavuvi wetu. Je, ina nafasi katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar? — Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, nafasi mnayo, kwani tamasha hilo la kila mwaka, lililoanza mwaka 1998 na ambalo tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu, huonyesha filamu za Kiswahili pamoja na za Afrika nzima. Wekeni tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Zaidi ya yote, isikilizeni sauti upya: upepo wa pwani ukivuma kwenye kinasa sauti wakati dalali ananadi samaki, maneno yake hupotea, na mtazamaji wa tamasha aliyeketi usiku Ngome Kongwe, ile ngome ya kale ya Zanzibar, katika ukumbi usio na paa, hatayapata kabisa.