Samaki ni wa mwenye fimbo: kwa mabaharia wapya wa boti za michezo

Wewe unayeanza kazi kwenye boti za uvuvi wa michezo Malindi, Watamu au Shimoni, huenda umekulia kwenye mshipi wa mkono. Kule jodari mzito akishika, mwenzako akiona umezidiwa huja mkavuta pamoja. Ni desturi njema, lakini huku inaweza kumpotezea mgeni samaki aliyemvukia bahari.

Kanuni tunazofuata ni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa mwaka 1939. Msingi wake ni kwamba mtu mmoja amnase samaki, apambane naye na amfikishe kwenye boti bila mwingine kugusa fimbo, rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) wala mshipi.

Ugumu uko pale samaki anaposhika. Rili inalia, fimbo iko kwenye kishikio, mgeni ameduwaa, na mkono wako unataka kuinyakua fimbo umkabidhi. Uzuie. Fimbo lazima aitoe yeye mwenyewe. Ukiitoa wewe, samaki huyo hafai tena kwa rekodi. Kwa hiyo yamalizeni kabla ya kutupa chambo: nani ana zamu, anaishikaje fimbo, anaitoaje. Mazoezi mafupi tu yanatosha, na mimi ningemfanyia hata mgeni anayejigamba kuwa amevua dunia nzima.

Wakati wa mapambano unaruhusiwa kumrekebishia mkanda wa mgongoni. Mshipi usiuguse. Zamu yako inafika lida, ule uzi mnene wa mwisho, inapokuwa karibu kiasi cha kuishika. Hapo shika, na mwenzako asaidie kwa kulabu, ile ndoana kubwa yenye mpini ya kumpandishia samaki, ambayo kwa kawaida haizidi mita 2.44 kwa urefu wote.

Fimbo ikivunjika katikati ya mapambano kiasi cha kuwa fupi kuliko kipimo kinachoruhusiwa au kuharibika sana utendaji wake, samaki hahesabiwi. Vivyo hivyo papa akimng'ata na kutoboa nyama kabla hajapandishwa, hata kama kilichobaki kingevunja rekodi, kwa sababu samaki aliyejeruhiwa hivyo hapigani kwa nguvu zake zote. Wageni huumia sana hapa, na wapo watakaokuomba unyamaze. Usikubali. Kovu la zamani lililopona, au mikwaruzo ya mshipi, haina neno. Ndoana ya meno matatu kwenye chambo cha samaki ni marufuku, na kumnasa samaki ubavuni kwa makusudi pia.

Uzito nao hupimwa nchi kavu, kwenye mizani iliyothibitishwa. Mizani ya botini haikubaliki. Tunza kipande cha mwisho cha mshipi pamoja na lida yake, maana mshipi wenyewe hupimwa nguvu.

Na ikitokea umegusa usipopaswa, mwambie nahodha palepale, mgeni akisikia. Anaweza kuendelea kupambana kwa furaha yake, au kumwachia sulisuli aende, huku akijua hali halisi.